Bolivia: msianzie La Paz

Dada, nimekuelewa: siku kumi, mama mwenye presha, na tiketi ya kushukia La Paz moja kwa moja. Kama bado inabadilishika, ibadilishe. Uwanja wa ndege wa La Paz, El Alto, uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kichwa kinaanza kugonga hata mabegi hayajatoka. Anzieni Santa Cruz, mita 400 hivi, halafu Sucre, mita 2,800, mlale siku mbili tatu, ndipo mpande La Paz na Uyuni. Chai ya koka mtakaribishwa kila mahali. Inywe, ila si dawa, na majani yake msirudi nayo.

Mama amwone daktari wake kwanza, aulizie asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Akihema akiwa amekaa, akiyumba au kuchanganyikiwa, msingoje kupambazuke: hospitali, na ashushwe chini. Cheti cha homa ya manjano pia mbebe.