Jeraha Limefunga, Maumivu Yamebaki

SWALI: Bi Mshauri, asalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu ni miaka 44, na naishi Wete, Pemba. Miezi minane iliyopita nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukinitoa damu mpaka nikaishiwa nguvu. Damu imekoma, namshukuru Mungu, na jeraha, ambalo ni mkato wa kukingama juu ya kinena, lilifunga bila ya kutunga usaha. Lakini kuanzia ncha ya kulia ya kovu mpaka kinenani na juu ya paja kwa ndani naungua kama niliyemwagiwa uji wa moto. Kanga ikinigusa hapo natamani kupiga ukelele, ilhali juu ya kovu lenyewe sisikii kitu hata nikijifinya. Nimekwisha meza diklofenaki kwa miezi, na dawa za kuua vijidudu mara tatu. Ultrasaundi imeonesha tumbo ni safi. Mama mkwe wangu anasema kuna kitu kimesahauliwa tumboni, na jirani anataka nikapigwe chuku, yaani niumikwe kwa pembe. Msimu wa karafuu unakaribia na sijui kama nitaweza hata kukaa mkekani nikachambua. Je, haya ndiyo maisha yangu?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho: si lazima haya yawe maisha yako, ingawa sitakudanganya kuwa yataondoka kwa wiki mbili. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji, na jeraha limekwisha funga, madaktari huyahesabu kuwa ni maradhi yanayojitegemea, na tiba yake iko mbali na hiyo uliyokwisha kupewa.

Kabla ya tiba, niseme juu ya lugha, kwa sababu hapo ndipo wanawake wengi wanapopotelea. Mtu wa kwetu akifika hospitali husema "mshipa unaniuma", naye daktari hajui amekusudia upi, maana neno hilo tunalitumia kwa mshipa wa damu, kwa ukano, kwa ngiri na kwa mshipa wa fahamu, yaani neva. Au husema "tumbo linauma", basi hupimwa mkojo, hupewa dawa ya vijidudu, na hurudi nyumbani na maumivu yake. Wewe hukuandika hivyo. Umeandika kuwa unaungua, kuwa kanga inakuumiza, na kuwa ngozi ya pembeni mwake imekufa ganzi. Moto, mchonyoto, vichomi vinavyopita kama umeme, mwasho usiotulizwa kwa kujikuna, na ganzi iliyopakana na maumivu: hayo ni maneno ya neva, na tabibu akiyasikia kwa pamoja anapaswa kuacha kutafuta ndani ya tumbo na kuuangalia ukuta wa tumbo. Nenda ukayaseme hivyo hivyo ulivyoniandikia, na uoneshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja, yanapoanzia na yanapoishia.

Mkato wa kukingama uliofanyiwa ulielezwa na daktari wa Kijerumani, Pfannenstiel, mwaka 1900, na umeenea duniani kwa sababu hupona vizuri na kovu lake hujificha. Dosari yake iko kwenye ncha zake mbili. Kila upande wa mwili kuna neva mbili nyembamba zinazotoka kwenye uti wa mgongo, karibu na mwisho wa mbavu, zikazunguka kiunoni, zikapenya misuli karibu na mfupa wa nyonga, kisha zikashuka kinenani, kwenye shavu la uke na sehemu ya juu ya paja kwa ndani. Ukiyaangalia maeneo hayo utaona kuwa ni ramani ya maumivu yako. Mkato ukirefushwa pembeni, na kizazi kikubwa chenye uvimbe wakati mwingine humlazimisha mpasuaji kuurefusha, neva hizo huweza kukatwa, kuvutwa, kushonewa pamoja na nyama, au kunaswa na kovu wiki nyingi baadaye linapokaza. Hayo yanaweza kutokea hata kwenye mikono ya mpasuaji hodari. Neva iliyoumia hunyamaza pale inapotakiwa kusema, ndipo ukapata ganzi, na hupiga kelele pasipo na kitu, ndipo ukapata moto. Diklofenaki hutuliza maumivu ya uvimbe wa jeraha bichi; kwa neva iliyokwaruzika haifanyi kazi kubwa, na ukiimeza kwa miezi unauharibu utumbo na figo bure. Dawa za vijidudu zilikuwa na kazi gani, kwa mtu asiye na homa wala usaha, mimi sikuelewa.

Kuna kipimo kisichogharimu hata senti, kinachojulikana tangu mwaka 1926. Unalala chali, daktari anaweka kidole juu ya pale panapouma zaidi, kisha unainua kichwa na mabega bila ya kujisukuma kwa mikono. Maumivu yakizidi wakati misuli imekaza, chanzo chake kwa kawaida ni ukuta wa tumbo. Yakipungua, chanzo kiko ndani zaidi. Kipimo kikionesha ukuta, mwombe akuchome sindano ya ganzi, lidokeini, ile ile ya kung'olea jino, kwenye nukta hiyo. Moto ukizima baada ya dakika chache, hata kama utarudi usiku, mkosaji amejulikana. Wapo wanaopata nafuu ya wiki nyingi kwa sindano kama hizo zikirudiwa, mara nyingine zikichanganywa na dawa ya jamii ya steroidi, na ni wachache wanaofikia kufunguliwa tena ili neva iliyonaswa iachiliwe au ikatwe.

Dawa ya kumeza inayoanzwa mara nyingi ni amitriptilini, kwa dozi ndogo ya miligramu 10 usiku, au nusu ya kidonge cha 25, ikapandishwa polepole. Usishituke mwuza dawa akikuuliza nani nyumbani anaumwa na akili, kwani dawa hii ilianza kama dawa ya sonona na watu wengi wanaijua kwa hilo tu. Kwa dozi ndogo hupunguza kelele za neva. Hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi, na faida yake haionekani kwa siku tatu bali kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiitupe mapema. Mwambie daktari ikiwa una maradhi ya moyo au presha ya macho, na ikiwa unatumia tramadoli, dawa kali ya maumivu. Siku ya kupanda boti, angalia pia kidonge cha kuzuia kutapika, maana vingi vyake huongeza usingizi juu ya usingizi. Kwa kuwa humezwa mara moja usiku, hata Ramadhani haikusumbui. Gabapentini, ambayo ni dawa ya pili, kwa kawaida hugawiwa mara tatu kwa siku, na hiyo mwezi wa mfungo inahitaji mazungumzo na daktari. Zote mbili hazikatizwi ghafla.

Kuhusu kauli ya mama mkwe wako, sitaidharau, maana vitu kusahauliwa tumboni ni jambo linalotokea duniani. Lakini mara nyingi huja na homa, uvimbe, usaha au tumbo kujaa na choo kuziba, wala hakuchagui kipande cha ngozi kinachofuata njia ya neva moja. Muulize daktari waziwazi ili moyo wako utulie. Kwa jirani yako jibu langu ni fupi: hapana chuku juu ya ngozi iliyokufa ganzi. Wala usikandwe kwa maji ya moto mahali hapo, jambo ambalo wazee wetu hulifanya kwa nia njema. Ngozi isiyosikia huungua bila ya kukupa habari, na nimewahi kuvisafisha vidonda vya namna hiyo kwa mwanamke aliyekuwa ameshapona kila kitu kingine. Mkaja nao, ukifungwa ukabana juu ya kovu lenye neva, huongeza moto.

Unachoweza kukifanya nyumbani ni kuizoesha ngozi tena. Anza pembeni, pale pasipouma, kwa pamba laini, dakika chache mara tatu au nne kwa siku, ukisogea kidogo kidogo kuelekea penye moto. Pamba ikizoeleka, chukua kanga kuukuu, kisha kanga mpya yenye wanga, kisha taulo. Kovu lenyewe likande kwa vidole na mafuta ya nazi, ukilisogeza huku na huku ili lisigandane na nyama ya chini. Mkekani kuchambua unaweza, ila kukaa muda mrefu umekunja nyonga kunaibana neva hapo hapo panapouma. Kaa kwenye kibao kirefu, uweke karafuu juu ya meza, na inuka mara kwa mara hata kama rundo la makonyo halijasogea. Magunia wabebe wengine mwaka huu. Na kama sijida inakuchoma, mgonjwa ana rukhsa ya kuswali akiwa amekaa kwenye kiti. Usiache kuitumia kwa kuona haya.

Anzia hospitali ya hapo Wete, na ukiona huelekezwi, omba rufaa ya Abdalla Mzee, Mkoani, au uvuke kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, ukiwa na karatasi ya upasuaji mkononi. Usingoje rufaa yoyote, nenda siku hiyo hiyo, ikiwa utapata homa, mkojo ukikuvuja au ukikataa kutoka, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ganzi ikaenea pale unapokalia tandiko la baiskeli. Na kwa wasomaji waliopasuliwa wakati wa kujifungua: kovu likiwa na kinundu kinachovimba na kuuma kila siku za hedhi zikifika, huenda tishu za ndani ya kizazi zimejipandikiza hapo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

SWALI: Shikamoo, Bi Mshauri. Mama yangu wa Jambiani ana miaka 57. Wiki tano zilizopita alifanyiwa operesheni ya kutolewa uvimbe mkubwa wa ovari. Tangu alipoinuka kitandani goti la kushoto linamwachia, hasa akishuka ngazi, na mbele ya paja anasema ni kama amevaa ngozi ya mtu mwingine. Amesharudi mara moja, akaambiwa mshono ni mzuri. Bamvua, siku za maji kupwa sana, linakuja, naye anataka kurudi kwenye mwani wake.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anayoyaeleza mama yanafanana na kuumia kwa neva kubwa ya paja, inayopita kinenani na kuipa nguvu misuli ya kunyoosha goti. Vyuma vya kupanulia tumbo, upasuaji ukiwa mrefu, huweza kuikandamiza, khasa kwa mwanamke mwembamba. Na miguu ikiwa imetundikwa na kukunjwa sana mezani, huumia pia. Habari njema ni kuwa neva iliyokandamizwa tu, isiyokatwa, kwa kawaida hurudi kwa wiki au miezi michache. Iliyokatika hukua kwa takriban milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi, na njia ya paja ni ndefu. Kwa hiyo arudi, amwambie daktari kuwa ni goti, si mshono, naye apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nyumbani akae kwenye kiti, anyooshe goti, ahesabu mpaka kumi, ashushe. Mara kumi, asubuhi na jioni. Atembee na bakora, na ngazi za kushuka autangulize mguu mgonjwa. Nguvu ikipungua badala ya kuongezeka, asingoje siku ya kliniki.

Bamvua hili alikose. Goti linaloachia kwenye nchi kavu ni fedheha, lakini kule nje, juu ya majani yanayoteleza, na maji yakianza kujaa, ni hatari. Najua kamba zitakatika na mwani utachukuliwa. Zungumza na wenzake wa shamba la jirani wamvunie, kama yeye alivyowavunia wao walipojifungua.

SWALI: Mimi ni mume, naandika kutoka Chake Chake. Mke wangu alitolewa kizazi mwaka jana, na kila nikimkaribia anasema anaumia. Nilidhani ananikimbia. Je, inawezekana kweli anaumia?

JIBU: Inawezekana sana, na umefanya vyema kuuliza. Kovu la ndani juu ya uke, neva iliyokwaruzika, na misuli ya chini ya nyonga iliyojifunza kukaza kila inapotarajia maumivu, kila kimoja kinatosha. Ikiwa ovari nazo zilitolewa, uke hukauka, na hilo lina dawa. Mwache apumzike na tendo lenyewe kwa sasa bila ya kumnunia. Mtakaporejea, tumieni jeli ya kulainisha, yeye ndiye aongoze, na mkome pale anaposema mkome. Misuli hailegei mbele ya mtu anayeisubiri kwa hasira. Kisha nenda naye kliniki, uingie naye ndani akikuruhusu, na daktari akimuuliza panauma wapi, mwachie ajibu mwenyewe.