Usimfukue baba yako ili ulie jukwaani

Aisee mdogo wangu acha. Acha kabisa. Umeuliza mengi, lafudhi ya huyo sajini mstaafu utakayemwigiza jukwaani, namna ya kukariri mistari, kama uandike historia yake tangu utoto, usaili unakwendaje, lakini mimi nimeganda pale ulipotupia kama kitu kidogo tu kwamba kwenye sini ya kupokea habari za kifo cha mwanawe utakuwa unakumbuka mazishi ya baba yako, ya mwaka jana, kwa sababu mwalimu wa warsha ya uigizaji kasema ndiyo siri ya kuvaa uhusika. Banange! Mwalimu mwenyewe kama ni yule wa skafu, anayepokea hela za wikiendi mkononi bila risiti, namjua. Na mimi nilimlipa.

Nilikuwa nacheza baba aliyefiwa, hapa hapa Kampala. Nikatumia mazishi ya bibi yangu aliyenilea. Kila jioni kabla ya kuingia nakaa nyuma ya pazia namrudisha bibi, sanda, udongo unavyodondoka, sauti za shangazi zangu. Siku ya kwanza watu wakalia, mimi nikajiona nimefika Hollywood. Jioni iliyofuata machozi kidogo, baadaye hola, nimebaki nakaza sura kama mtu mwenye choo kigumu. Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikatafuta kikali zaidi, nikaanza kumzika binti yangu, mtoto mzima wa afya, yuko nyumbani anakunywa uji na karanga, mimi kichwani namvalisha sanda kila jioni ili waliolipa kiingilio waone chozi. Na chozi lilikuja, sikatai. Ila show ziliisha na lile jambo halikuisha, usiku nikimfunika blanketi naliona kaburi, ikafika mahali namwambia mama yake amfunike yeye, nasingizia uchovu. Hiyo hakuna mtu aliyenionya kule warshani.

Na steji yenyewe ikaharibika vilevile. Dada aliyecheza mke wangu siku moja karuka mistari, akaniuliza swali ambalo halipo kwenye skripti ili turudi njiani, mimi wapi, niko makaburini, simsikii. Akarudia. Ukumbi ukacheka, sini ya msiba jamani! Mchezo ulipoenda Mbarara nafasi yangu alikuwa nayo kijana mwingine, mimi nikaambiwa pumzika kaka. Nimepumzika mpaka leo, haha.

Kinachoniuma ni kwamba yule bwana alikuwa anamtaja Stanislavski kila baada ya sentensi mbili kumbe hakumsoma mpaka mwisho. Mzee huyo wa Moscow, mwalimu mkubwa wa uigizaji aliyefariki 1938, miaka yake ya mwisho alikuwa ameshaweka uzito kwenye vitendo vya mwili, mhusika anafanya nini, siyo kufukua makaburi. Stella Adler, muigizaji wa New York, alikutana naye Paris mwaka 1934, akafanya naye kazi, akarudi kwao kuwaambia wenzake kwamba cha kutegemea ni mazingira ya hadithi na ubunifu wa muigizaji. Mwenzake Lee Strasberg ndiye aliyegoma na kumbukumbu zake za hisia, yaani muigizaji arudishe tukio la maisha yake mwenyewe, lakini hata yeye alikuwa anataka tukio liwe la zamani, miaka saba hivi. Baba yako ana mwaka mmoja, bado kaburi hamjajengea.

Umemtaja Forest Whitaker, yule aliyemcheza Idi Amin kwenye filamu ya The Last King of Scotland. Sawa, wanasema lafudhi aliibeba hata kamera zikizimwa, lakini kazi iliyompa Oscar ya 2007 angalia ilikuwa nini: alijifunza Kiswahili, akajifunza kupiga kodiani kwa vile Amin alikuwa anapiga, akaja huku akakaa na ndugu zake na watu waliomjua, akawauliza. Mdomo, vidole, masikio. Yote hayo unaweza kuyarudia kesho yake saa moja usiku ukiwa na mafua.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: mpe mhusika kitu anachokitaka kutoka kwa mtu aliye mbele yake, halafu ipe mikono yake kazi. Sajini wako habari amezipata, mkewe hajui. Anataka mama wa watu alale usiku huu bila kujua. Basi. Mikononi ana buti, anapaka rangi kama alivyozoea kambini. Sasa kila swali la mke ni hatari, lazima umsikilize, utake usitake. Brashi ikianza kwenda polepole ukumbi utajua kabla hujafungua mdomo. Ukilia sawa, usipolia sawa, sajini mwenyewe anapigana asilie, wewe unamkazania nini?

Lafudhi usiitafute YouTube. Tafuta mzee aliyewahi kuwa jeshini, pengine ni yule askari anayelinda duka mtaani kwenu, mpelekee chai na mandazi, kaa naye, sikiliza anavyotoa amri akiongea Kiswahili na anavyoshusha sauti akiongea habari za nyumbani. Muombe umtazame akipiga viatu rangi.

Hela ya wikiendi ya pili usimpelekee yule bwana. Nenda soko la Owino ununue buti kuukuu, za kiraia lakini, zile za jeshi zenyewe ukikutwa nazo ni kesi, brashi na rangi, uanze leo leo. Na dada anayecheza mke wako mwambie akuulize maswali ovyo huku unapaka, yasiyo kwenye skripti.