Maswali na Majibu: "Ni Kijibwa Tu, Daktari"

Barua za wiki hii zina neno moja: kijibwa. Angekuwa mbwa mkubwa wa kulinda geti, mngeshatafuta msaada zamani. Kwa kuwa anaenea kwenye kikapu cha sokoni, watu wanamcheka mpaka damu itoke. Haya, tuanze.

Shikamoo daktari. Tuna mbwa mweupe wa manyoya, spitz, ana miezi minne. Anawauma watoto mikono na vifundo vya miguu mpaka wanapanda juu ya viti. Baba yao humpiga ndala ya pua, na ndiyo kwanza anazidi. (Mama Watatu, Nyali)

Marahaba, Mama Watatu. Miezi minne ndipo anapoanza kung'oa meno ya utoto, yote 28, apate 42 ya ukubwani. Ufizi unamwasha, kila kinachopita ni cha kutafuna. Halafu jiulize mlimchukua akiwa na wiki ngapi. Watoto wa mbwa hufundishana kwa mchezo: ukimuuma ndugu yako kwa nguvu, analia na mchezo unakufa. Aliyetolewa kwa mama kabla ya wiki nane hakulimaliza darasa hilo. Mtalimaliza nyinyi.

Jino likigusa ngozi, mchezo umekwisha. Mtoto asikimbie wala asipige mayowe, maana kwa mbwa mchanga huo ni mwaliko. Asimame kama mnazi, akunje mikono, atazame ukutani. Mbwa akiendelea, tokeni chumbani, mfunge mlango, mhesabu hadi thelathini, mrudi. Nyumba nzima ifuate hivyo hivyo. Baba akicheza naye kwa kumpa vidole atafune, kazi yenu ni bure. Cha kutafuna apewe: kitambaa kikuukuu kilicholoweshwa, kikapigwa fundo na kugandishwa kwenye friza.

Ndala irudi mlangoni. Mbwa anayepigwa usoni anajifunza kwamba mkono ukija usoni kuna maumivu, na siku mdogo wenu wa mwisho atakaponyosha mkono amkune kichwa, hatangoja kujua mkono huo umebeba nini.

Daktari, mbwa wangu ana miaka saba, mpole siku zote. Mwezi huu nikimteremsha kwenye kochi ananguruma. Nilimkemea mpaka akaacha kunguruma. Juzi amemuuma mama mkwe bila hata kutoa sauti. (Tudor)

Umemnyang'anya honi ukamwachia gari. Kunguruma ndiyo lugha yake ya "niache". Ukimnyamazisha, kilichomuudhi bado kipo, ila sasa hakina tangazo.

Na mbwa mzima wa miaka saba akibadilika ghafla, mimi nafikiria maumivu kabla ya adabu. Nililetewa mmoja kutoka Kizingo, wenyewe wameshakata shauri kuwa amepotoka. Nikanyanyua mdomo wa juu upande wa kushoto: jino la nyuma limevunjika, ufizi umevimba kama harage. Kila walipompakata, kidole gumba kilikuwa kinakaa papo hapo. Tulipoling'oa jino, adabu ikarudi yenyewe. Wako anaweza kuwa na jino, mgongo, au kupe aliyejificha ndani ya sikio. Mpeleke akaguliwe kwanza. Kwa sasa usimnyanyue. Mwite ashuke mwenyewe, umlipe kipande cha kuku.

Mama mkwe amekwenda hospitali? Soma linalofuata.

Chiwawa wangu alimuuma kifundoni kijana wa bodaboda aliyeniletea pilau. Vitundu viwili, damu kidogo. Nilimpaka spiriti nikampa mia mbili. Leo karudi anataka pesa za sindano. Si kunikomoa huku? (Bamburi)

Anadai haki yake, tena amekuwa mpole. Kichaa cha mbwa hakipimi urefu wa mbwa. Virusi vimo kwenye mate, na kitundu kidogo kinatosha. Katika kila watu 100 wanaopata ugonjwa huu, karibu wote waliupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Nafasi ya kumwokoa iko kabla ya dalili.

Dakika ile ile angeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ukitazama saa. Jaribu kuzihesabu, ni ndefu. Bomba likiwa limekauka, maji ya kisima yenye chumvi yanafaa, mtu amimine kwa kopo. Pilipili, majivu na mafuta ya taa viacheni. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hakwenda, basi aende leo, usiseme siku zimepita. Chanjo ni mfululizo wa sindano kwa tarehe atakazopangiwa, na wa kumwambia aache ni daktari wake, si wewe.

Chiwawa naye afungiwe na kuangaliwa siku 10. Asiuawe, asigawiwe mtu, asipelekwe kutupwa Kisauni. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma huugua au kufa ndani ya siku hizo. Kadi yake ya chanjo iko wapi? Hukuitaja. Huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kenya imejipangia kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na geti lako limo Kenya.

Kuhusu tabia yenyewe: kila siku boda inakuja, mbwa anabweka, boda inaondoka. Kwa hesabu zake, yeye ndiye aliyeifukuza. Ukisikia injini, mtie chumbani na dagaa wachache, ndipo ufungue geti.

Assalaam aleikum. Mimi sina mbwa. Wa jirani yangu hapa Mji wa Kale hunirukia ngazini nikienda msikitini, anavuta kanzu kwa meno. Mwenyewe hucheka: "Anakupenda huyo." Nimwambieje?

Waaleikum salaam, mzee wangu. Mwambie habari ya maji: kwa anayefuata Shafii, mate hayo ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na adhana imeshatoka. Nawe jirani, kama unasoma, ngazini mbwa awe kwenye kamba fupi, upande wako wa ukutani. Mzee apite kwanza.

Nimng'oe meno ya mbele? (Likoni)

La. Ni ukatili, na magego yatabaki.

Tafuta kile kikapu cha kufunika mdomo kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa maji, hasa joto hili la kaskazi. Usimvishe kwa nguvu. Siku ya kwanza weka nyama ndani, aingize pua mwenyewe na kuitoa. Kamba usiifunge mpaka uone akikiona kikapu anakifuata.