Kiatu cha harusi na bresi ya mguu

Dada, umeuliza utavaa nini harusini wakati mguu wa kushoto una bresi, kile kifaa cha plastiki cha kushikilia mguu, kinachopita chini ya unyayo. Usikimbilie kuongeza saizi. Kiatu cha kulia kitapwaya utembee kama umeazima.

Tafuta chenye soli ya ndani inayotoka. Itoe upande wa bresi tu, huo mwingine iache, na miguu itakaribia kulingana urefu. Ukipenda buti, fundi viatu aipasue nyuma hadi kisiginoni atie zipu, mguu uingie na bresi yake bila kusukumana. Yangu alitia zipu ya dhahabu, watu wanadhani ni mtindo!

Kisigino kirefu ndicho kinanitia wasiwasi. Bresi hupangwa kwa kimo fulani cha kisigino. Ukikizidisha, muundi unasukumwa mbele na goti linakunja lenyewe. Muulize kwanza aliyekutengenezea.

Kujaribu, nenda umevaa bresi na soksi ndefu. Nyumbani tembea kidogo, vua, kagua ngozi. Alama ikikaa zaidi ya dakika 30, kinabana, kirudishe.