Kontena lililala bandarini, nikamvaa asiyehusika

Ofisi yetu ya klirensi, ya kuwatolea wateja mizigo bandarini Mombasa, ina watu saba. Kwa miaka, mkutano wa Jumatatu ulikuwa wangu peke yangu: naongea saa nzima, wenzangu wanaitikia, tunatawanyika. Wanaotoka Likoni hufika katikati, feri imewaweka, basi narudia tangu mwanzo.

Kilichonizindua ni kontena la mteja mmoja. Lililala Kilindini hadi siku za bure zikaisha, storeji, ile ada ya mzigo kukaa bandarini, ikawa inapanda kila kukicha. Mkutanoni nikamvaa kijana anayezungusha karatasi zetu. Aliinama tu, kimya. Jioni nikamkuta kwa muuza kahawa, kikombe mkononi.

"Hebu niambie, mwanangu, ilikuwaje?"

"Delivari oda ilichelewa, bosi."

Kwa nini? Ajenti wa meli, anayetoa hati hiyo ya kuruhusu mzigo uchukuliwe, hakuwa amelipwa. Kwa nini? Cheki ilikuwa na saini moja. Na ya pili? Akaitazama kahawa yake. Ya pili ni yangu, na Alhamisi ile nilikuwa Nairobi.

Taiichi Ohno wa Toyota alisisitiza watu waulize "kwa nini" mara tano wanapokutana na tatizo. Mimi mara ya tatu tu ilinitosha.

Tangu hapo tunakutana saa nne, feri ikiwa imeshatulia. Ripoti za nani amefika wapi na mzigo gani zinaandikwa kwenye grupu la WhatsApp mapema, hatuzisomi mezani. Mezani tunaweka tatizo moja, mawili yakizidi. Swali la kwanza ni "imekuwaje?", maana ukianza na "nani?" kila mtu atakuwa anajitetea, na ukweli utausikia kwa muuza kahawa, ukibahatika. Anayeanza kusema ni mdogo wetu kicheo, mimi namalizia. Huku kwetu mkubwa akishatoa kauli, nani atambishia? Hili lilinichukua muda kulizoea, ulimi uliniwasha.

Neno "tutaangalia" nimelipiga marufuku. Hatuinuki kabla hatujaandika jina la mtu, kazi yake na siku ya kumaliza. Cheki sasa ina mtia saini wa tatu, nikisafiri kazi haisimami.

Jumatatu iliyopita yule kijana alifungua mkutano. Tatizo lake: simu ya bosi huzimwa Alhamisi.