Walimu wapya mliopangiwa Mtwara, someni hii kabla hamjaripoti

Wadogo zangu mliopata ajira mpya mkaona kwenye barua imeandikwa Newala au Tandahimba, kwanza hongereni, pili msianze kuulizia uhamisho hata begi hamjafungua. Mimi nafundisha sekondari ya serikali huku juu kwenye uwanda wa Makonde, shule ya kutwa, kubwa, mikondo mingi, na kitu ambacho natamani kila mgeni akijue mapema ni kwamba huku shule inaenda na korosho. Ukiielewa kalenda ya korosho utaelewa mahudhurio, utawaelewa wazazi, utajua hata kwa nini darasa limepungua ghafla.

Iko hivi, katikati ya mwaka watu wanapulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, Septemba korosho zinaanza kudondoka, Oktoba na Novemba ndo kilele, na mtihani wa kidato cha nne nao ni Novemba, wa kidato cha pili unaangukia humohumo. Yaani wakati sisi tunamtaka mtoto darasani kuliko wakati wowote ndo na nyumbani wanamtaka shambani akaokote. Mgeni ataandika utoro, jina linaenda kwa mwalimu wa nidhamu, mtoto anachapwa, kesho haji kabisa na mwisho wa siku umempoteza kwa sababu ya wiki mbili. Mimi mada ngumu zote nazimaliza kabla ya mwezi wa tisa, kuanzia hapo ni marudio na maswali, akikosa siku mbili tatu anarudi anatukuta palepale. Alafu mwezi wa nane namfuata mzazi nyumbani, shikamoo kwanza, tunakaa, tunakubaliana mtoto aokote alfajiri na Jumamosi ila vipindi asikose. Wengi wanakubali jamani, wazazi wa huku wanasemwa vibaya sana kuhusu elimu na sio haki.

Hela nayo ina msimu wake. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinaenda ghala kuu, zinasubiri mnada, huku Newala na Tandahimba minada inasimamiwa na TANECU, chama kikuu cha ushirika cha wilaya hizi mbili, malipo yanaingia benki baadae. Kwaiyo ukiitisha kikao cha mchango wa chakula mwezi wa tatu utapata maneno matupu, hamna mtu mwenye hela. Ada imefutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, cha tano na cha sita ikafutwa 2022, lakini uji na chakula cha mchana kwa shule ya kutwa bado ni makubaliano na wazazi, na hapa ndo naomba mkaze kwenye vikao vya walimu, kikao cha wazazi kiwekwe msimu wa malipo, watu watoe ya mwaka mzima. Anayeleta mahindi au makopa (mihogo mikavu) badala ya hela pokeeni, iandikwe vizuri, apewe risiti kama wengine. Mtoto aliyeshindia ming'oko tu, ile mizizi ya porini inayouzwa barabarani, hesabu za saa saba mchana haziingii hata ufundishe vipi.

Jando na unyago vinafanyika zaidi likizo ya Juni na Disemba. Usivisemee vibaya mbele ya darasa, umewatukana ukoo mzima. Ukiona ngoma inataka kuvuka likizo muone mwenyekiti wa kijiji, na mkiweza ongeeni na makungwi wenyewe, neno lao moja kuhusu shule kwa mabinti lina nguvu kuliko hotuba zetu zote za mstarini.

Ya maisha kwa kifupi: uwanda huu hauna mito, maji yanasukumwa kutoka mabondeni kama Kitangari na yanakatika, ukitafuta chumba ulizia kisima cha maji ya mvua kabla ya kuulizia umeme. Juni na Julai kuna baridi, beba sweta. Njoo na akiba ya miezi kadhaa, maana cheki namba (namba yako ya mshahara serikalini) na posho ya kujikimu vinaweza kuchelewa, na mshahara wa kwanza ukitoka tu watu wa mikopo watakufata mpaka ofisini, usisaini.

Lingine ni mabinti waliojifungua. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni, lakini ruhusa peke yake haimrudishi mtu, wanaona aibu, wengine wanafika getini wanageuza. Akirudi kwenye darasa lako usimuulize chochote mbele ya wenzake, mtafutie madaftari ya waliotangulia, alafu wewe na matroni nendeni mkaongee na bibi yake au mama yake nani atabaki na mtoto saa za vipindi, maana wengi ninaowaona wanaacha tena wanaachia hapo, kwenye nani anabaki na mtoto.