Injini Imechoka: Niitengeneze au Nibadilishe?

SWALI: Assalaam aleikum, Fundi. Mimi ni mjane, nakaa Mambrui. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Siku sita kwa wiki natoka alfajiri kwenda Ngomeni kuchukua samaki, kisha nawapeleka Malindi kwa wateja wangu. Tangu mwaka jana gari linatoa moshi wa buluu na linakula oili, lita nzima kwa siku nne. Nikishavuka daraja la Sabaki kupanda upande wa Malindi, tuktuk zinanipita. Fundi wa kwanza asema nilete injini nyengine ya Japani kutoka Mombasa, shilingi 85,000 pamoja na kuifunga. Wa pili asema atatia ringi mpya (zile pete za pistoni) kwa 18,000 na moshi utakwisha. Huyu wa pili namwamini, maana mwaka juzi gari lilipokuwa halivuti ndiye aliyelitoa kichungi cha hewa, likapata nafuu. Mwanangu ataka niliuze. Nimeweka 90,000, na nyingi ni za chama. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama pale ulipotaja kichungi cha hewa. Umekitaja kwa shukrani, lakini nadhani ndipo maradhi yalipoanzia. Njia ya kutoka Gongoni kuingia Ngomeni naijua, na mchanga wake naujua. Injini yako humeza mamia ya lita za hewa kila dakika, na kwa miaka miwili hewa hiyo imekuwa ikiingia na vumbi lake lote. Vumbi likichanganyika na oili ukutani mwa silinda huwa kama msasa. Ringi zinasagika, silinda zinasagika, oili inapanda juu kuungua, ndiyo huo moshi. Na ile nafuu ya mwaka juzi ilitokana na kutolewa kichungi kilichojaa uchafu. Kingebadilishwa tu, gari lingevuta vilevile.

Kwa hiyo leo, kabla ya lolote, nunua kichungi kipya kikatiwe.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, ndiyo maana nilikupigia simu nikakuomba gari likapimwe kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kuibana hewa, injini ikiwa moto, plagi zote nne zimetolewa na eksileta imekanyagwa mpaka chini. Namba ulizonisomea nimeziandika, kwa kipimo cha PSI: silinda ya kwanza 135, ya pili 130, ya tatu 95, ya nne 135. Injini ya aina yako ikiwa nzima husoma karibu 190, na ikishuka chini ya 140 imeshachoka. Kisha fundi akatia oili kidogo, kiasi cha kijiko, kwenye kila tundu la plagi, akapima tena. Zote zikapanda, na ile ya tatu ikafika 140. Hapo injini imesema yenyewe. Oili ile iliziba kwa muda mwanya ulioko baina ya ringi na ukuta wa silinda. Ingekuwa ni vali au gaskiti ya hedi (kichwa cha injini), namba zisingepanda hivyo. Tena nilikuuliza kama unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ukikanyaga mafuta, ukasema husikii. Basi huenda kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, bado ina uhai, ingawa hilo litajulikana likifunguliwa.

Sasa tuje kwa mafundi wako wawili. Wa 18,000 ameyaona maradhi sawasawa ila dawa yake ni nusu. Silinda iliyosagwa na mchanga haibaki duara. Huliwa zaidi kule juu, ringi inapogeukia, hata ukipitisha ukucha unakwama kwenye ukingo. Ringi mpya ni duara. Ukiitia ndani ya silinda iliyopinda, moshi utapungua mwezi mmoja au miwili kisha utarudi, na 18,000 zimekwenda. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliwafanyia watu kazi ya namna hiyo, na waliporudi sikuwa na la kuwaambia.

Wa 85,000 hakukosea kuona kwamba injini imekwisha, na kazi yake ina faida moja kubwa: siku mbili tu uko barabarani. Kwa mtu anayeuza samaki, siku mbili na wiki mbili si kitu kimoja, hilo nalielewa. Lakini injini hiyo huijui. Kutoka Japani haimaanishi haijachoka. Miaka kadhaa iliyopita nilimchagulia mteja wangu wa teksi injini katika duka moja Mombasa. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, imepakwa rangi, na nilikuwa na haraka kwa sababu mteja alikuwa amesimamisha kazi. Sikuipima. Tulipofungua kifuniko cha vali huku Malindi tulikuta matope meusi ya oili yameganda kama lami. Haikumaliza miezi minne ikaanza kugonga. Duka lilikataa kuirudisha, na yule mteja alikuwa amekopa. Toka siku hiyo sinunui injini bila kufungua kifuniko cha vali palepale dukani, kutoa plagi na kuzitazama, na kupima kompresheni ikizungushwa kwa betri. Muuzaji akikataa, naondoka.

Kuna na makaratasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe na logibuku irekebishwe, la sivyo siku ya kuuza gari, au ya kusimamishwa, utajieleza. Muuzaji akupe stakabadhi za ushuru zenye namba ya injini ile ile, usikubali risiti ya mkono peke yake.

Kwa gari lako wewe, dada, mimi nasema litengenezwe, na sababu iko ndani ya bloku yenyewe, yaani mwili wa injini wenye silinda. Injini yako ni 5A-FE, na bloku yake ni ya chuma kizito, si aluminiamu. Chuma hicho kinakubali kupanuliwa: silinda zinachongwa upya kwa nusu milimita, zinatiwa pistoni na ringi za saizi hiyo, na silinda zinarudi kuwa duara kama zilivyotoka kiwandani. (Mwenye Probox asiige jibu hili. Injini yake, 1NZ, ni ya aluminiamu yenye kuta nyembamba za chuma ndani, na Toyota hawakuitolea pistoni za saizi kubwa. Huko, silinda zikishaliwa, mimi mwenyewe hushauri injini nyengine.)

Oveholi kamili maana yake ni hii. Injini ishushwe, bloku ipelekwe Mombasa kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga silinda, kranki ipimwe, na ikibidi ichongwe na kutiwa beringi za saizi yake. Hedi inyooshwe, vali zisagwe, sili zake zibadilishwe, gaskiti zote ziwe mpya, na mkanda wa taiming na pampu ya maji vitiwe vipya, maana viko palepale. Kwa bei ninazofanya kazi nazo, haitapungua 60,000, na huenda ikafika 75,000. Ndiyo, inakaribia ile injini ya Mombasa. Tofauti ni kwamba kila kilichomo ndani utakuwa umekiona kwa macho yako. Wakiifungua wakakuta bloku ina ufa au kranki imeliwa kupita kiasi, basi simamisha kazi hapo hapo na urudi kwenye ile ya Japani kwa masharti niliyoyataja.

Jambo moja zaidi nililiuliza kwa simu: rejeta unaijaza maji gani? Ukasema ya kisima cha nyumbani. Dada, visima vya Mambrui vina chumvi hata chai inaijua. Chumvi hiyo inakula hedi ya aluminiamu na kuziba rejeta polepole. Na kama themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, imeondolewa, kama wengi wanavyofanya huku pwani kwa kudhani gari litapoa zaidi, irudishwe. Injini isiyofikia joto lake husagika upesi. Rejeta ioshwe au ibadilishwe kwenye kazi hiyo hiyo, na uijaze kulenti (maji maalumu ya kupozea injini), siyo maji ya kisima. Ukitia injini yoyote, iwe ya Japani au iliyochongwa, nyuma ya rejeta hiyo na bila kichungi, tutaandikiana tena.

Kuhusu kuuza: mwanao ana nia njema, lakini gari linalotoa moshi wa buluu utapewa bei ya vyuma. Ukitaka kuliuza, liuze likiwa zima.

Sasa siku. Hii ni Machi, kaskazi inamalizika na samaki bado wapo. Usilishushe gari sasa. Pima oili kila alfajiri kabla ya kuwasha na uongeze panapopungua, usipite kilomita 70 kwa saa, na kwenye mwinuko wa Sabaki tumia gia ya chini bila kulilazimisha. Kusi ikishika, Mei au Juni, na mashua za Ngomeni zikawa hazitoki siku kadhaa kwa wiki, hapo ndipo ulishushe. Wiki mbili za kazi zitaangukia siku ambazo hata hivyo ungekaa nyumbani. Fedha za chama usizitoe zote kwa pamoja: toa za kuchonga kwanza, uione bloku ikirudi na vipimo vyake vimeandikwa kwenye karatasi, ndipo utoe za pistoni.

Ikishafungwa, kilomita 1,000 za mwanzo usikimbize wala usiliache likiunguruma bure limesimama. Oili ya kwanza imwage ukifika kilomita 500, utie mpya na kichungi chake. Na siku hiyo ukiwa Malindi, pita gerejini nipime silinda zote nne, hiyo sitakutoza.